Redio ya Mkulima Isisahauliwe

Siku hizi kila zinapotolewa habari za maendeleo ya utangazaji katika nchi yetu, husifiwa kwanza mtandao. Twaambiwa kwamba matangazo ya Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, yaweza kusikilizwa na kutazamwa katika simu, popote alipo mtu, mchana na usiku. Jambo hili ni jema, nasi hatulipingi. Mtanzania aliyeko Muscat au London, ambaye zamani alikuwa akizungusha kitufe cha redio usiku kucha asipate ila mikwaruzo, leo aweza kusikia habari za nyumbani kana kwamba yuko Morogoro. Lakini yatupasa kuuliza swali ambalo wenye kusifu hawaliulizi: mkulima aliyeko Morogoro kwenyewe, katika vijiji vilivyo nyuma ya milima ya Uluguru, naye anasikia?

Maoni yetu ni haya. Shirika la utangazaji la taifa likitaka kuongeza televisheni, na liongeze. Likitaka kuongeza mtandao, na liongeze pia. Lakini redio ndiyo huduma yake ya kwanza, kwa sababu ndiyo peke yake ambayo mnyonge huipata bila ya kulipa kila anapoisikiliza. Ikiwa fedha haitoshi kwa yote matatu, basi mlingoti wa redio ujengwe kwanza, na mambo ya picha na simu yangoje zamu yake.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mawazo ya kizee. Tuwaombe wafanye hesabu pamoja nasi. Redio ndogo ya mkono hutumia mabetri mawili, au huchajiwa kwa jua. Ikifunguliwa uani, husikilizwa na nyumba nzima na jirani juu yake, wala mama hana haja ya kuacha kupika, wala fundi hana haja ya kuweka chini randa yake. Televisheni yataka umeme, na tangu Dar es Salaam ilipozima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata, yataka na king'amuzi. Simu nayo yataka iwe simu janja, iwe na chaji, iwe mahali penye mawimbi ya intaneti, na iwe na kifurushi, kile ambacho vijana hukiita bando. Bando likiisha katikati ya taarifa ya habari, taarifa imekwisha. Kwa hiyo anayesema kwamba huduma sasa ni bure kwa kuwa imo mtandaoni, amesahau kwamba msikilizaji analipa mlangoni kila siku, na anayelipwa si shirika la umma, ni kampuni ya simu.

Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu tukawa watu milioni 61.7. Katika kila watu 100, wapatao 65 wanakaa vijijini. Hao ndio nchi. Mpango wowote wa utangazaji ambao haukuanza nao umeanza mahali pasipo pake.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ilianzisha Sauti ya Dar es Salaam, kituo kidogo ambacho, kama jina lake lilivyosema, kilikuwa cha mji mmoja. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, ambalo kwa Kiingereza lilifupishwa TBC, herufi zile zile zilizorudi mwaka 2007; mambo ya dunia huzunguka. Mwaka 1965 Serikali ya nchi huru ikalichukua shirika lile na kuliita Radio Tanzania Dar es Salaam. Hapo ndipo chombo hiki kilipoacha kuwa sauti ya mji kikawa sauti ya watu. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walipewa nafasi hewani, wakazungumza na ndugu zao waliokuwa bado chini ya wakoloni na makaburu, na mkoloni hakuweza kuweka kizuizi barabarani cha kuyazuia maneno yale.

Televisheni haikuja Tanzania Bara hadi mwaka 1994, tena ililetwa na watu binafsi. Ya taifa ilifuata mwaka 2000. Ndugu zetu wa Unguja walitangulia, maana wao walianza televisheni ya rangi tangu mwaka 1974. Viongozi wa Bara walijua vizuri kwamba televisheni ipo. Mwalimu Nyerere aliona kwamba chombo hicho kingekuwa anasa ya wachache wenye uwezo, na kingezidi kuwatenga na walio wengi. Wapo waliomlaumu, na hatusemi kwamba lawama yote ilikuwa bure: miaka 20 ni mingi kukaa bila picha. Lakini kanuni iliyokuwa ndani ya uamuzi ule, kwamba fedha ya umma itangulie kwenda kwa wengi, haijachakaa hata kidogo, na leo twaihitaji kuliko jana.

Na kanuni ile haikubaki maneno matupu. Wazee wa chama watakumbuka mwaka 1973. Kabla ya hapo zilikwisha kufanywa kampeni mbili za elimu kwa redio: ya mwaka 1970, iliyoitwa Uchaguzi ni Wako, na ile ya Wakati wa Furaha, ya kuadhimisha miaka kumi ya uhuru. Ndipo ikaja Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kazi yao. Kisha, wiki baada ya wiki, watu wazima wapatao milioni mbili, katika nchi iliyokuwa na watu milioni 14 au 15 tu, waliketi chini ya miembe, madarasani na katika ofisi za matawi ya TANU, wakizunguka redio moja. Kipindi kilisikilizwa. Kitabu kidogo kikasomwa kwa sauti, asiyejua kusoma akasomewa. Halafu kiongozi wa kikundi akauliza: hapa petu je? Tuna kichocho katika bwawa letu? Tunachemsha maji? Choo cha fulani kiko wapi? Baada ya mazungumzo hawakutawanyika kwenda kulala, walichukua majembe. Vyoo vilichimbwa kwa malaki, vichaka vikafyekwa kandokando ya nyumba, madimbwi yakafukiwa. Mwaka 1975 ukafuata mwito wa Chakula ni Uhai.

Twasimulia haya kwa sababu yana jambo ambalo wataalamu wa siku hizi hulipita haraka. Nguvu ya redio katika Mtu ni Afya haikuwa katika mtambo peke yake. Ilikuwa katika kusikia pamoja. Maneno yale yale yalisikika saa ile ile Kigoma na Mtwara, na waliosikia walikuwa wameketi bega kwa bega, kila mmoja akijua kwamba jirani yake amesikia pia, kwa hiyo hana pa kujificha. Simu haiwakusanyi watu hivyo. Kila mtu huinama juu ya kioo chake, mmoja akiangalia mpira, mwingine mahubiri, mwingine ugomvi wa wasanii. Hatuwalaumu, ni haki yao. Lakini kijiji hakichimbi choo kwa namna hiyo.

Jambo hili si la historia tu. Mwezi Machi 2020, maradhi ya korona yalipolazimisha shule kufungwa, masomo yalipelekwa kwa watoto kwa redio na televisheni. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna hata redio alikosa. Mwenye redio alipata. Na wa simu alipata kwa kadiri ya mfuko wa baba yake.

Tena yako mambo mawili yaliyotukia mwezi wa Mei 2024, ambayo sisi tunayaona kuwa onyo, ingawa watu wengi wamekwisha kuyasahau. Mwanzoni mwa mwezi ule kimbunga kilichoitwa Hidaya kilikuwa kinakuja pwani yetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari, safari za boti za Unguja zikasimamishwa, wavuvi wakaonywa wasitoke. Tarehe 4 Mei kimbunga kikafika Mafia, na kwa rehema ya Mungu kikapungua nguvu. Zikapita siku nane. Tarehe 12 Mei nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, ya EASSy na ya Seacom, zikakatika upande wa kusini, na intaneti ikazorota katika Tanzania na nchi jirani. Mjini watu walilalamika kwamba hawawezi kutuma fedha wala kusoma ujumbe. Sasa na tuulize: ingekuwaje kama nyaya zile zingekatika siku ile ile ya kimbunga, na onyo la wavuvi lilikuwa limewekwa katika simu peke yake? Mvuvi wa Kilwa, aliyeko kisiwani akingoja mvua ipungue apandishe tanga, angejulishwa na nani? Redio haihitaji waya wa chini ya bahari. Yahitaji mtambo, mlingoti, mafuta ya jenereta, na fundi ambaye halali.

Hapa tumefika penye shida yenyewe. Zamani Radio Tanzania ilisikika mbali kwa masafa ya kati na masafa mafupi. Masafa ya kati hufuata ardhi, na masafa mafupi hupanda hadi anga la juu yakadunda na kurudi chini mbali sana na yalikotoka. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilifika. Leo kazi kubwa inafanywa na masafa ya FM. Haya yana sauti safi, hilo hatukatai, lakini huenda kwa mstari ulionyooka kama mwanga wa kurunzi. Kilima kikiyakinga, yamekingika. Nchi inayotegemea FM haina budi kujenga vituo vingi, kila wilaya na mlingoti wake, na penye milima milingoti miwili au mitatu. Kila mlingoti una gharama ya umeme, ya ulinzi, na ya vipuri. Redio za watu binafsi hujenga mahali penye biashara, maana hakuna mfanyabiashara atakayelipia tangazo la sabuni lisikike msituni. Hatuwalaumu hao nao. Lakini ndiyo sababu umma una shirika lake.

Kwa miaka mingi wabunge wa wilaya za mpakani wamesimama Bungeni na kueleza kwamba watu wao husikia redio za nchi jirani vizuri kuliko redio ya taifa lao. Hili ni jambo la aibu, na ni jambo la hatari. Mtu hupenda anachokisikia. Mtoto anayekua akijua waziri wa nchi nyingine asimjue mkuu wa wilaya yake, akijua bei ya mahindi ya ng'ambo asijue bei ya hapa, tumempa uraia wa karatasi tu. Tunafurahi kwamba Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukishirikiana na TBC kujenga vituo vya FM katika wilaya za pembezoni. Kazi hiyo ndiyo tunayotaka ipewe fedha kwanza, wala isiachwe nusu kwa sababu mwaka huu kuna kamera mpya za kununua.

Tuseme na jambo jingine kwa udugu, bila ya kuficha. Januari 2016 Serikali ilieleza Bungeni kwamba TBC haitaweza tena kurusha moja kwa moja vikao vyote vya Bunge, kwa kuwa gharama yake ilifika shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Badala yake wananchi wakaahidiwa kipindi cha usiku cha kuwapa muhtasari. Hoja ya gharama si ya kudharauliwa katika nchi inayojenga zahanati. Lakini sisi twauliza: ikiwa picha ni ghali, kwa nini isibaki sauti? Kupeleka maneno ya mbunge hewani bila ya sura yake ni kazi nyepesi mno kuliko kupeleka picha. Dereva wa lori, mshona viatu, mfanyakazi wa zamu kiwandani, hao wote wangeweza kumsikia waliyemchagua huku mikono yao ikiendelea na kazi. Muhtasari wa usiku humkuta mfanyakazi amechoka, tena muhtasari una mtu aliyeuchagua. Chama chenye imani na kazi yake hakina sababu ya kuogopa wananchi wasikie mjadala mzima, na viongozi wetu wanaojua kujibu hoja ndio wangefaidika zaidi.

Mtu asidhani kwamba twauchukia mtandao. Iko kazi moja ambayo mtandao waweza kuifanya na redio haiwezi, nayo ni kutunza na kugawa hazina ya zamani. Kwa miongo kadhaa studio za Radio Tanzania ndizo zilizokuwa mahali pakuu pa kurekodia muziki wa nchi hii. NUTA Jazz walipita pale, na Western Jazz, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Zimo ngoma za makabila, michezo ya Pwagu na Pwaguzi, hadithi za Mama na Mwana, na hotuba ambazo bila ya kanda hizo zisingebaki hata kwa kusimuliwa. Kanda za sumaku huzeeka kama watu: hukauka, huota ukungu, hukatika. Kila mwaka unaopita bila ya kuzihamishia katika mitambo ya kisasa ni mwaka wa kupoteza kitu kisichonunulika. Zikihamishwa na kuwekwa mtandaoni, mwalimu wa Sumbawanga ataweza kuchagua hadithi ya kuwasikilizisha wanafunzi wake, asingoje saa ya kipindi.

Ila katika jambo hilo iko haki ya kuangaliwa. Wapiga magitaa wale walikuwa wafanyakazi, na wengi wao walipata ujira mdogo kwa nyimbo zilizopigwa hewani maelfu ya mara. Hakimiliki ina sheria yake tangu mwaka 1999. Nyimbo zile zikianza kuleta fedha kutoka mtandaoni, wenye nyimbo waliobaki hai na warithi wa waliokufa wapewe fungu lao. Itakuwa ajabu chombo cha umma kikiwatendea wanamuziki kama tajiri wa shamba la mkonge alivyowatendea manamba.

Tukitaja wafanyakazi, tusiwasahau wa shirika lenyewe. Katika Ugiriki, tarehe 11 Juni 2013, serikali ya nchi ile ililifunga shirika lao la utangazaji, ERT, kwa siku moja, na watu wapatao 2,600 wakapoteza kazi. Usiku ule skrini za televisheni zikawa nyeusi na redio zikanyamaza. Wafanyakazi hawakutoka katika jengo. Waliendelea kutangaza kwa njia ya mtandao, wakisaidiwa na umoja wa mashirika ya utangazaji ya Ulaya, na miaka miwili baadaye, tarehe 11 Juni 2015, shirika likafunguliwa tena. Hapo mtandao ulikuwa silaha ya wanyonge, nasi twaukubali kwa heshima. Lakini mzee wa kisiwa cha mbali, mwenye antena juu ya paa na asiye na kompyuta, alibaki gizani katika siku zile, ijapokuwa watangazaji walikuwa wakisema usiku na mchana.

TBC hupata fedha yake kutoka ruzuku ya Serikali na kutoka matangazo ya biashara. Fungu la biashara likizidi, shirika litavutwa kwenda mahali walipo wanunuzi, yaani mjini, katika skrini na simu. Ruzuku ya umma inatolewa ili livutwe kwenda upande mwingine. Kwa hiyo twaiomba Serikali, inapopanga ruzuku hiyo, itenge wazi kiasi cha mitambo ya redio na matengenezo yake, kisichanganywe na kiasi cha studio za picha, ili kila mwananchi aweze kuona milingoti mingapi imejengwa na mingapi imezimika kwa kukosa mafuta.

Wanachama nao wana kazi. Hakuna anayejua kuliko balozi wa nyumba kumi ni kitongoji gani kinasikia redio ya taifa na kipi hakisikii. Kila tawi liandike orodha yake: jina la kijiji, saa ambazo sauti hufika, saa ambazo hupotea, na redio ya nchi gani inayosikika badala yake. Kazi hiyo haihitaji posho wala semina. Yataka daftari, kalamu, na redio moja ya kujaribia. Orodha hizo zifike wilayani kabla ya mwezi wa Aprili, Bunge la bajeti linapoanza, ili wabunge wetu waende Dodoma wakiwa na majina ya vijiji mkononi.